Skibbereen, mji uliozoea kuagana

Kusema ukweli, niliianza safari ile nikiwa nimenuna. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, basi limetoka Cork asubuhi, mimi nimekaa dirishani, mume wangu pembeni, na katikati yetu kuna barua. Si ya mapenzi, ya kazi. Alikuwa amemaliza masomo yake ya mwaka mmoja pale Cork, kusini mwa Ireland, na kampuni moja ilimtaka abaki miaka miwili. Mshahara mnono. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

Mimi nilikuwa nimekwenda likizo ya wiki mbili kutoka Dar es Salaam. Mtoto wetu wa miaka mitatu nilimwacha Morogoro kwa bibi yake. Nilidhani nimekwenda kumchukua mume wangu turudi wote. Yeye alidhani nimekwenda kumpa baraka abaki. Siku tatu tulibishana kwa sauti ya chini, maana kuta za nyumba za kupanga kule ni nyembamba na jirani anasikia hata ukifungua droo. Mama mwenye nyumba, mtu mzima wa makamo ya mama yangu, alitutazama asubuhi ile tukinywa chai bila kuongea, akatuambia kwa nini tusiende Skibbereen. Kuna gulio Jumamosi, akasema. Mtabadilisha hewa.

Basi tukapanda basi. Njia inapita Bandon, Clonakilty na Rosscarbery, kijani kibichi kila upande, ng'ombe wamenona mpaka unajiuliza kama wanatembea au wanabebwa. Kama saa mbili hivi tukafika.

Skibbereen ni mji mdogo wa watu kama 3,000, kwenye mto Ilen, magharibi mwa jimbo la Cork. Wenyeji wanauita Skibb, kwa kifupi. Mitaa michache, maduka yaliyopakwa rangi za kung'aa, baa nyingi kuliko unavyotarajia. Gulio lenyewe liko kwenye uwanja ambao zamani ulikuwa wa mnada wa mifugo, na siku ile lilikuwa limechangamka: jibini, siagi, mikate ya moto, samaki, asali, miche ya maua, viatu vya mitumba, vitabu vya zamani. Mume wangu akaninunulia kikombe cha kahawa na keki kama njia ya kuomba amani. Nikala. Amani sikuitoa.

Karibu na gulio, katika jengo la zamani la kiwanda cha gesi, kuna kituo kidogo cha historia ya mji. Tuliingia kwa sababu mvua ilianza. Tulitoka baada ya saa mbili, na mimi sikuwa yule aliyeingia. Nitakusimulia niliyoyakuta humo na niliyoyasoma baadaye, maana nilirudi nyumbani nikayafuatilia kama mtu anayemchunguza mchumba.

WALIOKIMBILIA JUU YA MTO

Mji ulianza kukua kwa sababu ya wakimbizi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Juni 1631, maharamia kutoka Algiers walishuka katika kijiji cha bandari kiitwacho Baltimore, kilomita chache kutoka hapo kwenye mlango wa mto Ilen. Kiongozi wao aliitwa Murad Reis, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Mholanzi, Jan Janszoon. Walibeba watu zaidi ya 100, wengi wao walowezi wa Kiingereza, wanawake na watoto wakiwa wengi kuliko wanaume, wakaenda kuwauza utumwani Afrika ya Kaskazini. Waliowahi kurudi kwao wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Sisi tuliokulia na habari za Bagamoyo na Soko la Watumwa la Zanzibar hatukuzoea kusikia hadithi hii ikisimuliwa kwa upande ule. Nilisimama pale nikafikiria mume aliyeamka akakuta kitanda kitupu. Waliosalia wengi waliogopa bahari, wakapanda juu ya mto kutafuta mahali ambapo merikebu kubwa haifiki. Ndipo Skibbereen ilipopata watu. Na watu wakijaa mahali, gulio halikawii: nafaka, siagi, kitani, nguruwe. Mkulima analeta, mfanyabiashara anapakia, mashua zinateremsha mtoni.

Mpaka miaka ya 1840, gulio la Jumamosi lilikuwa ndiyo moyo wa eneo zima. Lakini wengi waliokuja mjini siku ile walikuja kuuza, si kununua. Walilima shayiri na kufuga nguruwe kwa ajili ya kodi ya mwenye shamba. Chakula chao wenyewe kilikuwa kimoja tu.

VIAZI

Tunaviita viazi ulaya, lakini vilitoka Amerika ya Kusini. Maskini wa Ireland walivipenda kwa sababu kipande kidogo cha ardhi mbovu kiliweza kulisha familia mwaka mzima. Mwanaume mfanyakazi alikuwa anakula kilo tano au sita kwa siku, na maziwa kidogo ya mtindi, basi. Karibu theluthi moja ya watu wa nchi ile hawakuwa na chakula kingine.

Mwaka 1845 ukaja ugonjwa ambao wakulima wetu wa viazi na nyanya wa Nyanda za Juu Kusini wanaufahamu vizuri, bakajani chelewa. Majani yanakuwa meusi, na ukichimba unakuta uji unaonuka. Mwaka ule sehemu ya mazao ikapona. Mwaka 1846 halikupona kitu.

Serikali ya Uingereza, iliyokuwa inatawala, ilikuwa imeagiza mahindi kutoka Marekani. Hapa nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Watu wa Ireland hawakuwahi kuona mahindi, hawakujua kuyasaga wala kuyapika, yakawaumiza matumbo. Nikamwambia mume wangu, "Wangekuwepo mama zetu kule, wangewafundisha kusonga." Ni neno la kwanza la utani nililomwambia siku ile. Akacheka kupita kiasi, kama mtu aliyepewa maji.

Tukafika kwenye ukuta unaohusu gulio, kicheko kikaisha. Mwishoni mwa 1846, watu wakiwa wanafia vibandani na kando ya barabara, ofisa mmoja wa ugawaji wa chakula alimwandikia mkubwa wake London kwamba Jumamosi soko la Skibbereen lilikuwa limejaa nyama, mikate na samaki. Kila kitu kilikuwepo. Hakuna aliyekosa chakula kwa sababu chakula hakipo. Walikosa hela ya kukinunua. Waliopata kibarua cha kuvunja mawe barabarani walilipwa kama peni nane kwa siku, na bei ya unga ilikuwa inapanda kila wiki. Mkate uko mezani kwa muuzaji, mtu amesimama mbele yake, na anakufa. Mchumi Amartya Sen aliwahi kueleza jambo hilihili katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu umaskini na njaa, akichukua mifano ya Bengal na Ethiopia na kwingineko: njaa kubwa inaweza kuua palipo na chakula. Mimi mtu wa benki nilidhani naelewa maana ya kutokuwa na salio. Sikuwa naelewa.

Habari zilisambaa. Hakimu mmoja wa Cork, Nicholas Cummins, alikwenda kujionea akiwa amebeba mikate, akaandika barua iliyochapishwa katika gazeti la The Times la London siku ya mkesha wa Krismasi 1846. Aliingia kibandani akakuta watu aliodhani ni maiti, kumbe wanapumua. Februari 1847, gazeti la The Illustrated London News likamtuma mchoraji James Mahony. Michoro yake ya Skibbereen na vijiji vya jirani iliifanya njaa ijulikane duniani, kabla watu hawajazoea kuona picha za namna ile mezani pamoja na chai. Mmoja ni wa mama wa Clonakilty amembeba mtoto aliyekufa, anaomba hela ya jeneza.

Na hapo mjini alikuwepo daktari, Daniel Donovan, aliyekuwa akiandika gazetini yale aliyoyaona nyumba kwa nyumba. Kuna jambo moja linalosimuliwa kutoka miezi ile ambalo lilinifanya nimshike mume wangu mkono bila kukusudia. Familia zilikuwa zinaziba mlango kwa ndani ili wafe bila kuonekana na majirani.

NYUMBA INAYOTENGANISHA

Kwa nini hawakwenda kuomba msaada? Walikwenda. Msaada ulikuwa ni nyumba ya mafukara, jengo kubwa lililojengwa kwa fedha za kodi, ile ya Skibbereen ikiwa imepangiwa watu 800. Likafurika mara nyingi zaidi ya hapo, na homa ikawamaliza waliokuwemo.

Lakini kwetu sisi wenye ndoa kuna sharti moja la nyumba zile la kukumbuka. Mkiingia, mnatenganishwa. Baba upande wa wanaume, mama upande wa wanawake, wavulana kwao, wasichana kwao. Mtoto mdogo sana ndiye aliyebaki na mama. Mnalala chini ya paa moja na unaweza kufiwa na mwenzako ukuta wa pili usijue. Kisha Juni 1847 ikaongezwa sheria kwamba mwenye zaidi ya robo eka ya ardhi hapati msaada mpaka aiachie. Kwa hiyo baba anatakiwa kuchagua: ardhi, au chakula cha leo, familia pamoja bila chakula, au chakula bila familia. Wengi walisubiri mpaka wakachelewa. Nilisoma hayo nikakumbuka mimi na mwenzangu tulivyokuwa tunatumia neno "kujitoa mhanga" kwenye mabishano yetu, nikaona aibu.

Mvua ilipokatika tulitembea kwa miguu mpaka Abbeystrewry, makaburini, nje kidogo ya mji kando ya mto. Kuna uwanja wa majani mazuri, umenyooka, hauna misalaba. Chini yake wamo watu kati ya 8,000 na 10,000, hawana majina. Waliletwa kwa mikokoteni. Jeneza lilikuwa na mlango chini wenye bawaba: linawekwa juu ya shimo, mlango unafunguka, maiti inashuka, jeneza linarudi mjini kumchukua mwingine.

Mwaka 1848 aliletwa hapo mtoto wa miaka mitatu aitwaye Tom Guerin, akadhaniwa amekufa. Koleo la mchimba kaburi likampiga miguu ikavunjika, akalia. Wakamtoa. Miguu haikunyooka tena, akaishi maisha yake yote akiombaomba mitaani Skibbereen, akafariki 1910.

Miaka mitatu. Nilitoa simu palepale makaburini nikampigia mama yangu Morogoro. "Kuna nini, mwanangu?" akauliza. Nikamwambia hakuna, nataka tu kumwona mtoto. Mtoto akaja kwenye kioo cha simu na ndizi mkononi, akaangalia sekunde mbili, akaondoka kufuata kuku. Baba yake aliinama kutazama, lakini alikuta ukuta tu wa sebule ya mama.

MATANGA YA ALIYE HAI

Kabla ya njaa, mwaka 1841, Ireland ilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Kufikia 1851 walikuwa milioni sita na nusu. Kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni nyingine wakapanda meli. Na hawakuacha kuondoka. Waliendelea zaidi ya miaka mia moja, mpaka leo kisiwa kizima, kaskazini na kusini pamoja, kina watu wachache kuliko waliokuwepo 1841. Fikiria nchi ambayo haijarudisha idadi yake baada ya miaka 180 hivi.

Walikuwa na desturi yake. Usiku wa mwisho kabla ya kijana kuondoka, majirani wanakusanyika nyumbani kwao. Wanacheza, wanakunywa, wanaimba, na alfajiri wanalia kama wanavyolia msibani. Waliita mkesha wa Marekani, na kweli ulikuwa matanga ya mtu aliye hai, kwa sababu wazazi walijua hawatamwona tena. Baadaye barua inakuja, na ndani yake kuna hela, au tiketi ya ndugu anayefuata. Mmoja anamvuta mwingine. Tena nusu ya walioondoka baada ya njaa walikuwa wasichana, wengi hawajaolewa, wakienda kufanya kazi za ndani Boston na New York na kutuma hela kwao. Dada zetu walioko Muscat na Dubai wanaijua kazi hiyo.

Skibbereen ina mtu wake wa kusimulia habari hii, Jeremiah O'Donovan Rossa. Alizaliwa Rosscarbery 1831. Baba yake alifanya kibarua cha barabara wakati wa njaa, akafa kwa homa 1847. Mama na ndugu zake wakaenda Philadelphia. Yeye, kijana wa miaka kama 17, akabaki dukani kwa jamaa pale Skibbereen. Uzeeni alikuwa bado anakumbuka kilio cha njia panda siku walipoachana. Alipokwenda Marekani mwaka 1863 akamkuta mama yake, mama hakumtambua.

Rossa ndiye aliyeanzisha Skibbereen, mwaka 1856, chama cha vijana kilichojiita cha kusoma vitabu, kumbe kilikuwa cha kupigania uhuru. Alifungwa, akahukumiwa kifungo cha maisha 1865, akaachiwa 1871 kwa sharti la kuhama nchi. Alipofariki New York mwaka 1915 mwili ulirudishwa Dublin, na mazishi yake yaliwasha moto wa mapinduzi ya mwaka uliofuata.

Hayo yako vitabuni. Mimi nilivutiwa zaidi na mke wake. Rossa alikuwa amefiwa na wake wawili alipomwoa Mary Jane Irwin, binti wa Clonakilty na mshairi, mwaka 1864. Kabla hawajatimiza mwaka wa pili wa ndoa, mume akafungwa, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa baba yuko gerezani. Mary Jane hakukaa kusubiri. Alikwenda Marekani, akasimama majukwaani kusoma mashairi mbele ya watu wanaolipa kiingilio, akaishi kwa jasho lake na akasaidia familia za wafungwa wengine. Nilimsoma nikasema, huyu shoga yangu. Ndoa ya mbali, bahari katikati, simu hakuna, na mume ambaye hata barua zake zinasomwa kwanza na askari magereza.

KUOA KWENYE MNADA

Najua unangojea habari ya mapenzi, msomaji wangu, na ipo, ingawa si ya kubembeleza. Baada ya njaa wakulima waliogopa kugawa ardhi vipande vipande. Shamba likawa la mtoto mmoja wa kiume, na binti mmoja akatafutiwa mahari. Wengine wote: meli. Mahari yenyewe ilikwenda kinyume na ya kwetu, familia ya mwanamke ndiyo inayompa mwanaume, na mara nyingi hela ile ilitumika kumwozesha au kumsafirisha dada wa bwana harusi. Mshenga alifanya kazi yake siku za mnada, katikati ya ng'ombe na siagi, mazungumzo yanamaliziwa baa. Kisha upande wa binti wanakwenda kukagua shamba: ng'ombe wangapi, paa linavuja au halivuji. Mume wangu akasema, "Afadhali sisi mlikagua vyeti tu." Nikamwambia, shangazi alikagua na soksi.

Ndoa zilifungwa kabla ya Kwaresima, kwa sababu Kwaresima hakuna harusi. Ukifika wakati huo hujaoa wala kuolewa, una lako. Katika sehemu za kusini, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima vijana walikuwa wanawachora chaki mgongoni makapera waliokwenda kanisani. Na katika majimbo ya Cork na Kerry zilisambazwa orodha za kejeli zilizowapanga wasioolewa wawili wawili, eti wanapelekwa kufunga ndoa kwenye visiwa vya Skellig baharini, ambako iliaminika Kwaresima inachelewa kuanza. Ukiwa na miaka 30 na zaidi, jina lako limo. Nilifikiria makundi yetu ya harusi ya WhatsApp na yale maswali ya "na wewe lini?" Kumbe tumetendewa kwa huruma.

Lakini chini ya utani kulikuwa na maumivu. Kijana anangoja baba afe ndipo apate shamba na mke, anafika miaka 45 akiwa bado anaitwa kijana. Kufikia miaka ya 1930 Ireland ilikuwa na mojawapo ya idadi kubwa kabisa duniani ya watu wanaozeeka bila kuoa wala kuolewa. Mwanamke aliyempenda yuko Boston. Gulio lipo, baa zipo, vijana wa kucheza muziki hawapo.

Usidhani mji ule ni wa majonzi tu, ungenikasirikia ukifika. Agnes Clerke, binti wa meneja wa benki, alizaliwa hapo 1842, akajifunza nyota kwa darubini ya baba yake, akaandika mwaka 1885 historia ya elimu ya nyota iliyosomwa kote. Bonde moja mwezini lina jina lake. Gazeti la mjini, The Skibbereen Eagle, lilitangaza 1898 kwamba linamfuatilia kwa jicho kali mfalme wa Urusi, na wenyeji wanacheka mpaka leo. Michael Collins, kiongozi wa kupigania uhuru, alipita hapo tarehe 22 Agosti 1922, saa chache kabla ya kuuawa kwa risasi njiani, akiwa na miaka 31 na mchumba, Kitty Kiernan, ambaye harusi yao haikufika. Reli iliyoingia 1877 ilifungwa 1961. Na ule mto waliokimbilia watu wa 1631 sasa unawatoa wapiga makasia. Ndugu wawili, Gary na Paul O'Donovan, walipata fedha Rio 2016, medali ya kwanza ya Ireland ya Olimpiki katika mchezo huo. Paul na mwenzake wa klabu, Fintan McCarthy, wakachukua dhahabu Tokyo 2021 na tena Paris 2024. Mji wa watu 3,000! Sisi tunaotafuta dhahabu ya kwanza ya Olimpiki tumeze mate tu.

BASI LA JIONI

Tulirudi kituoni mapema. Nilimwuliza swali ambalo siku zote tatu sikuwa nimelifikiria: "Hii kazi ingekuwa yangu mimi, ungekuja kukaa na mimi Cork, ukaacha ya kwako?" Akanyamaza. Basi likaja, tukapanda, Rosscarbery ikapita. Tulipokaribia Clonakilty akasema, "Nisingekuja. Ningekuambia uende, na ningeomba uchoke urudi." Lilikuwa jibu baya na lilikuwa la kweli, na mimi nilikuwa na hamu ya la kweli.

Tukaanza kuongea kama watu. Kwamba anaogopa kurudi na kukaa bila kazi wakati wenzake wanajenga. Kwamba mimi naogopa kuwa mke wa kupokea hela. Kwamba hela ya kutuma ni nzuri, kila mmoja wetu amesomeshwa na hela ya mtu fulani aliyekuwa mbali, lakini mtoto hakai kwenye kioo cha simu zaidi ya sekunde mbili. Nikamwambia siwezi kumkatalia, na siwezi kukubali kama ilivyo. Mpaka Cork hatukuwa na jibu. Tulikuwa na sharti: aombe aanze kazi baada ya miezi mitatu, aje nyumbani kwanza, kisha tuangalie kwa pamoja kama ni sisi watatu tunakwenda au hakuna anayekwenda.

Jumatatu akaandika. Waliokuwa wakimtaka wakampa miezi miwili.

Alitua Dar mwezi wa kumi na moja, tukaenda moja kwa moja Morogoro. Mama alikuwa amepika tangu asubuhi. Mtoto alisimama mlangoni, akamtazama baba yake kutoka juu mpaka chini, akajificha nyuma ya khanga ya bibi yake, akauliza, "Bibi, yule wa kwenye simu amekuja kufanya nini?"

Ilimchukua siku mbili kukubali kubebwa.